Niambieni kwanza nani anawalipa wapiganaji

Waasi wakishaingia ikulu, watu wengi hutafuta picha. Kijana wa msituni amekalia kiti cha rais, bunduki magotini, wenzake wanapekua makabati. Hata mimi huziangalia, sitawadanganya. Ila baada ya muda mfupi nakuwa nimeshaanza kutafuta karatasi.

Karatasi huwa ipo. Huitwa tangazo, amri, dikrii, hati ya mpito au azimio la kikatiba, kutegemea nchi na wanasheria waliokuwa karibu siku hiyo. Ukishasoma tatu nne utadhani zimeandikwa na mtu mmoja. Katiba imesitishwa, yote au baadhi ya vifungu. Bunge limevunjwa. Sheria zilizopo zitaendelea kutumika isipokuwa zile zinazopingana na tangazo hili. Watumishi wa umma warudi kazini mara moja. Mikataba na mataifa ya nje itaheshimiwa (hilo halisahauliki, maana mabalozi wanasoma). Kisha kinatajwa chombo kipya cha kuongoza nchi, baraza au junta au kamati, pamoja na muda kitakaokaa madarakani.

Waandishi wa habari wote hukimbilia huo muda. Miezi kumi na minane! Miaka minne! Unawekwa kwenye kichwa cha habari na mjadala unaanzia hapo. Mimi ni mkaguzi wa hesabu, na kazi hii ina ugonjwa wake: humwamini mtu mpaka uone vocha. Kwa hiyo kwenye karatasi hizi muda nauruka kwanza. Natafuta nani anateua wajumbe, nani anaweza kuwafukuza, nani amebaki na wizara ya ulinzi, na mishahara ya wapiganaji inatoka mfuko gani. Karatasi nyingi hazisemi haya yote. Pale zinaponyamaza ndipo pa kuchimba.

Nimekuwa nikifanya hivi kwa miaka, mwanzoni kwa udadisi tu, sasa nina faili nene la nakala nilizochapisha. Kinachonikera katika faili hilo ni hiki: mabaraza ya mpito yaliyoondoka kwa tarehe yao karibu yote yalikuwa hayana bunduki, na yale yenye bunduki tarehe yao ilibaki ya kwenye karatasi. Mbaya zaidi, yale yasiyo na bunduki yakikabidhi, yanachokabidhi ni majengo na mihuri.

Nianze na Uganda, kwa kuwa karatasi yao ndiyo niliyoisoma mara nyingi kuliko zote. Jeshi la waasi la NRA liliiteka Kampala mwishoni mwa Januari 1986, na tarehe 29 Yoweri Museveni akala kiapo kwenye ngazi za Bunge, akiahidi kwamba haya si mabadiliko ya walinzi wa zamu bali ni mageuzi ya msingi. Tangazo lao, Namba 1 la 1986, lilisitisha sehemu za katiba ya 1967 zilizohusu rais na bunge, likayahamishia madaraka ya kutunga sheria NRC, baraza lililotoka msituni moja kwa moja. Wajumbe wake wa mwanzo 38 walikuwa watu wa harakati yenyewe na jeshi lake. Na likatamka wazi kwamba serikali hiyo ni ya muda, muda usiozidi miaka minne.

Baraza la mawaziri lilikuwa jambo la kupendeza kulitazama. Samson Kisekka, daktari, alikuwa waziri mkuu. Paul Ssemogerere wa chama cha DP, aliyekuwa kiongozi wa upinzani bungeni enzi za Obote, akapewa mambo ya ndani. Moses Ali, aliyekuwa waziri wa fedha wa Idi Amin na baadaye akaongoza kikundi chake cha waasi, akapewa utalii. Ukiangalia orodha ile unasema kweli hii ni nyumba ya wote. Angalia sasa wizara ya ulinzi: rais aliishika mwenyewe. Katika kila orodha ya mawaziri ya namna hii mimi huanzia hapo, na nawashauri nanyi mwanzie hapo. Utalii unagawanywa. Michezo inagawanywa. Hata fedha hugawanywa kwa mtaalamu anayeeleweka na wafadhili. Ulinzi haugawanywi.

Lazima niwatendee haki NRA hapa. Walikuwa na kitu ambacho waasi wengi hawana: serikali ya kijijini iliyokuwepo kabla hawajafika ikulu. Kule Luwero, wakati wa vita, walianzisha kamati za siri za wanavijiji za kukusanya chakula, kupeleka habari na kuangalia nani ni mgeni. Baada ya 1986 kamati hizo zikaenezwa nchi nzima kwa jina la RC, ngazi tano kutoka kijiji hadi wilaya, kila kamati watu tisa. Mwanakijiji alikwenda kwa mwenyekiti wa RC kupata barua ya utambulisho, kupeleka kesi ya mbuzi au ya mpaka wa shamba, kulalamikia askari. Kwa watu waliokuwa wamezoea chifu wa kuteuliwa na askari wa vizuizi vya barabarani, hili lilikuwa jambo kubwa, na sikubaliani na wanaosema ilikuwa propaganda tupu. Mfumo huo ungali hai, umebadilishwa jina tu kuwa LC.

Ila ngazi hizo hizo ndizo zilizotumika mwaka 1989 kulipanua baraza. Kijijini watu walipanga foleni nyuma ya mgombea wanayemtaka, wakachagua kamati. Kamati zikachagua kamati za juu yake. Hadi kufikia wajumbe wapya wa NRC. Vyama havikuruhusiwa kufanya kampeni. Kufikia Oktoba mwaka huo ile miaka minne ilikuwa inakaribia kwisha na katiba mpya bado haijaandikwa. Baraza likakaa, likapiga kura, likaongeza miaka mitano.

Mimi hapo nasimama kila mara. Chombo kinajadili muda wake chenyewe, kinajiongezea chenyewe, na hakuna aliye nje yake mwenye uwezo wa kusema hapana. Kwenye vitabu vya hesabu jambo hili lina jina lake na si jina zuri. Hoja yenyewe ilikuwa na mantiki: tume ya Jaji Benjamin Odoki ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuzunguka nchi kukusanya maoni, na maoni yale kweli yalikusanywa, kwa maelfu, kutoka vijijini. Bunge la katiba lilichaguliwa 1994, katiba ikapatikana Oktoba 1995, uchaguzi wa rais ukafanyika Mei 1996. Ssemogerere, yule waziri wa mambo ya ndani wa siku za mwanzo, akagombea dhidi ya bosi wake wa zamani, akashindwa vibaya. Miaka minne ikawa kumi, na aliyekula kiapo kwenye zile ngazi bado yuko ikulu ninapoandika haya.

Eritrea walitumia hesabu hiyo hiyo ya miaka minne, na kwao haikuongezwa hata kwa kura. EPLF, waasi waliopigania uhuru kutoka Ethiopia, waliingia Asmara tarehe 24 Mei 1991, wakaunda serikali ya muda. Miaka miwili baadaye wakaitisha kura ya maoni, asilimia 99.8 wakataka uhuru, na sheria ikatolewa kwamba kipindi cha mpito hakitazidi miaka minne. Katiba ikaandikwa, ikapitishwa Mei 1997. Haijawahi kutumika. Uchaguzi mkuu haujafanyika. Kwenye faili langu Eritrea ina kurasa chache sana, kwa sababu baada ya hapo hakuna cha kuchapisha.

Hata hivyo kuna tukio moja la Asmara ambalo wakaguzi wenzangu watalielewa mara moja. Tarehe 20 Mei 1993, siku nne tu kabla ya sherehe za uhuru, wapiganaji walijitokeza mjini na silaha zao wakiwadai viongozi wao. Walikuwa wamepigana bila mshahara, na baada ya ushindi wa 1991 waliendelea kutumika bila mshahara, na sasa walikuwa wameambiwa hali itaendelea hivyo. Watu hawa walivumilia miaka ya mahandaki. Kilichowatoa kambini wakati wa amani ni posho. Serikali iliahidi kurekebisha, na baadaye baadhi ya waliojitokeza wakafungwa. Tangu nilipokisoma kisa hiki sijawahi tena kuisoma karatasi ya mpito bila kuuliza wapiganaji wanakula nini mwezi ujao.

Zanzibar wengi wenu mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo nitagusa kidogo tu. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalitangazwa redioni na John Okello, aliyejiita Fildi Marshali, na sauti yake ndiyo iliyowatisha watu siku zile. Likaundwa Baraza la Mapinduzi chini ya Sheikh Abeid Amani Karume. Ilipofika Machi Okello alisafiri, aliporudi akazuiwa kuingia visiwani. Miezi miwili! Mtu aliyetangaza serikali redioni hana tena ruhusa ya kuteremka kutoka kwenye ndege. Hili nalo hutokea sana: baraza la mwanzo hubeba watu wa aina mbili, walioshika silaha usiku ule na walio na chama, na ndani ya msimu mmoja upande mmoja humla mwingine.

Muda je? Amri za mwanzo ziliahidi kuitishwa kwa baraza la kutunga katiba ndani ya mwaka mmoja. Likaahirishwa. Baraza la Mapinduzi likawa ndilo linalotunga sheria na ndilo linalozitekeleza. Karume aliuawa Aprili 1972 bila kuwahi kusimama kwenye uchaguzi tangu mapinduzi, na katiba ikaja 1979, enzi za Aboud Jumbe, ndipo Baraza la Wawakilishi likazaliwa. Jina la Baraza la Mapinduzi halikufa. Hadi leo ndilo jina la baraza la mawaziri la Zanzibar. Chombo cha dharura kikawa ofisi ya kudumu, na vijana wanaoandika habari zake kila wiki wala hawalioni hilo kuwa la ajabu.

Sasa twende mbali kidogo, kwa kuwa kisa ninachokipenda kuliko vyote kiko Nikaragua.

Dikteta Somoza alikimbia Julai 1979, na tarehe 19 waasi wa Kisandinista, yaani Wasandinista, wakaingia mji mkuu, Managua. Chombo chao cha kuongoza kilikuwa kimeshaundwa mwezi mmoja kabla, huko San José, Kosta Rika: Junta ya Ujenzi Mpya wa Taifa, watu watano. Daniel Ortega, mpiganaji. Sergio Ramírez, mwandishi. Moisés Hassan, msomi wa hisabati. Alfonso Robelo, mfanyabiashara. Na Violeta Chamorro, mjane wa mhariri wa gazeti la La Prensa, Pedro Joaquín Chamorro, aliyeuawa Januari 1978 na ambaye mauaji yake yaliwatoa barabarani hata watu waliokuwa hawajishughulishi na siasa. Kwenye picha ya pamoja ni junta safi: mwanamke mmoja, tajiri mmoja, wasomi, na mtu wa magwanda.

Isipokuwa juu ya hao watano walikuwepo tisa. Makamanda tisa wa Uongozi wa Taifa wa FSLN, chama cha Wasandinista, ambao hawakuwa chombo cha serikali kwenye karatasi yoyote ya mpito, ndio waliokuwa wakiamua. Jeshi lilikuwa lao, na usalama ulikuwa wao. Ortega alikuwa kwenye orodha zote mbili, na hiyo ndiyo siri nzima ya junta ile. Ukitaka kujua baraza la mpito lina uzito gani, tafuta mjumbe anayetoka kwenye kikao cha baraza akaenda kwenye kikao kingine ambacho wenzake hawaalikwi.

Mgogoro ulikuja kwa hesabu ya viti. Kulikuwa na ahadi ya Baraza la Dola, chombo cha kutunga sheria, lenye viti 33 vilivyogawanywa kwa vyama, vyama vya wafanyakazi, waajiri, kanisa na wengineo. Kabla halijakaa, Aprili 1980, viti vikaongezwa hadi 47, na vilivyoongezwa vikaenda kwa jumuiya za Wasandinista. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna kiti kilichonyang'anywa. Waliongeza tu chini ya mstari mpaka jumla ikawa yao. Nimeona mbinu hiyo kwenye bodi za ushirika, na nikaiona tena hapa katika nchi nzima. Chamorro alijiuzulu mwezi huo, yeye akitaja afya. Robelo akafuata siku chache baadaye, na huyu alisema sababu waziwazi.

Uchaguzi ulifanyika Novemba 1984, Ortega akashinda. Ukaja mwingine Februari 1990, baada ya vita na njaa, na dhidi yake akasimama Violeta Chamorro, yule yule aliyeacha kiti chake kwenye junta. Akamshinda. Na Wasandinista wakakabidhi. Nataka kuliweka hili wazi kwa sababu linapingana na ule mkao wangu wa kutomwamini mtu: hapa ni waasi wenye bunduki, wenye jeshi lao na polisi yao, na wakatoka ofisini kwa kura. Ingawa jeshi lenyewe lilibaki chini ya Humberto Ortega, ndugu wa rais aliyeshindwa, hadi 1995. Mama Chamorro alikubali kumwacha pale. Wengi walimlaumu, mimi naona aliisoma karatasi vizuri kuliko waliomlaumu, akajua kipi kinakabidhiwa kwa kura na kipi hakikabidhiwi. Na Ortega, kama mnavyojua, alirudi 2007 na hana mpango wa kuondoka.

Upande wa pili wa sarafu ni Libya, na hii niliifuata siku kwa siku.

Baraza la Mpito la Taifa liliundwa Benghazi mwishoni mwa Februari 2011, mwenyekiti Mustafa Abdul Jalil, aliyekuwa waziri wa sheria wa Gaddafi hadi siku chache kabla. Karatasi yao ya Agosti 2011 ni mojawapo ya zilizoandikwa vizuri kuliko zote nilizo nazo. Ina ratiba, ina mpangilio wa nani anafuata nani, na wajumbe walijifungia mlango wenyewe wasigombee kwenye chombo kitakachowafuata. Gaddafi aliuawa Oktoba 20, tangazo la ukombozi likatolewa tarehe 23, uchaguzi ukafanyika Julai 7, 2012, na usiku wa Agosti 8, ndani ya mwezi wa Ramadhani, Abdul Jalil akakabidhi madaraka kwa bunge jipya lenye viti 200. Haijafika hata mwaka mmoja tangu ukombozi. Kwa kipimo cha muda peke yake hawa wangepewa cheti.

Tazama sasa daftari la malipo. Baraza halikuwa na jeshi. Vita vilipiganwa na vikosi vya miji, Misrata hapa, Zintan pale, kila kimoja na kamanda wake na ghala lake. Badala ya kuvivunja, serikali ya mpito ikaanza kuvilipa, na ilipotangazwa kwamba wapiganaji watapata pesa za shukrani, idadi ya waliojiandikisha ikapita mbali idadi ya waliowahi kupigana. Nchi nyingine zina wafanyakazi hewa. Libya ikapata wanamapinduzi hewa. Malipo yaliposimamishwa kwa sababu ya udanganyifu, watu wenye silaha wakaivamia ofisi ya waziri mkuu mjini Tripoli, Mei 2012. Kabla ya hapo, Januari, waandamanaji walikuwa wameshaivamia ofisi ya baraza lenyewe Benghazi, na makamu mwenyekiti Abdel Hafiz Ghoga akajiuzulu kesho yake.

Kwa hiyo Agosti ile Abdul Jalil alipokabidhi, alikabidhi nini? Waziri mkuu aliyekuja baadaye, Ali Zeidan, alichukuliwa hotelini alfajiri ya Oktoba 10, 2013 na kundi lenye silaha, akashikiliwa kwa saa kadhaa. Kundi lililomchukua lilikuwa na uhusiano rasmi na serikali yake mwenyewe. Kuna watu husema Libya iliharibika kwa kuharakisha uchaguzi. Mimi nasema wangechelewesha miaka mitano daftari lile lingekuwa nene zaidi tu.

Jamhuri ya Afrika ya Kati ni kisa cha aina yake, kwa sababu pale kulikuwa na mtu wa nje wa kusema hapana. Seleka, muungano wa makundi ya waasi, waliuteka mji mkuu, Bangui, Machi 24, 2013 na kiongozi wao Michel Djotodia akajitangaza rais. Viongozi wa nchi za ukanda ule wakakutana N'Djamena, mji mkuu wa Chad, wakakataa kumtambua namna hiyo. Wakataka liundwe Baraza la Taifa la Mpito na hilo ndilo limchague. Likaundwa haraka haraka, likakaa Aprili 13, mgombea akawa mmoja tu, Djotodia, akachaguliwa. Watu walicheka. Nami nilicheka. Lakini utaratibu ule wa kuchekesha ulimfunga kamba bila yeye kujua: hati ya mpito iliwazuia viongozi wa mpito kugombea, na madaraka yake sasa yalitoka kwenye chombo ambacho wengine walikuwa wamekidai.

Septemba alilivunja Seleka kwa amri. Kwenye karatasi. Wapiganaji hawakuvunjika wala kulipwa, wakaendelea kujilipa wenyewe kwa raia, na wanamgambo wa anti-balaka wakajibu kwa mauaji yao. Januari 2014 majirani wakachoka. Waliwapandisha ndege wajumbe wote 135 wa baraza la mpito, usiku, wakawapeleka N'Djamena. Hebu fikirieni bunge zima la nchi limepakiwa kwenye ndege kwenda nchi nyingine kujadili kama rais wao abaki. Djotodia akajiuzulu tarehe 10, na siku kumi baadaye baraza likamchagua Catherine Samba-Panza kuwa rais wa mpito. Yeye hakugombea uchaguzi uliofuata, sheria ilimzuia na akaitii, akamkabidhi mshindi, Touadéra, 2016. Mpito ukaisha. Makundi yenye silaha yakabaki na maeneo makubwa ya nchi. Mnaona ninachosema.

Afghanistan sitaikawilia. Taliban waliingia Kabul Agosti 15, 2021, Septemba 7 wakatangaza baraza la muda la wanaume 33, bila muda wowote uliotajwa. Hao angalau hawakudanganya kuhusu tarehe, hawakuitoa kabisa. Maamuzi yakabaki Kandahar kwa kiongozi wao mkuu, Hibatullah Akhundzada, na mawaziri wakakaa Kabul.

Nililolifungulia ukurasa mpya ni Syria. Bashar al-Assad alikimbia Desemba 8, 2024, na serikali ya kwanza ya muda ikaletwa karibu nzima kutoka Idlib, ambako HTS, kundi la waasi lililoongoza mashambulizi ya mwisho, walikuwa na utawala wao ulioitwa Serikali ya Wokovu tangu 2017, wenye mawaziri, kodi na mahakama. Kama RC za Uganda, walikuja na vitendea kazi. Waziri mkuu wake, Mohammed al-Bashir, akapewa hadi Machi 1. Lakini Januari 29, 2025 makamanda wa vikundi walikutana ikulu Damascus, wakamtangaza kiongozi wa HTS, Ahmed al-Sharaa, kuwa rais wa mpito, wakasitisha katiba ya 2012, wakavunja bunge na jeshi la zamani, wakatangaza kwamba vikundi vyao navyo vimevunjwa na kuingizwa wizara ya ulinzi. Azimio la kikatiba lilitiwa saini Machi 13. Muda: miaka mitano.

Mawaziri 23 walitangazwa mwishoni mwa Machi. Kuna Hind Kabawat, Mkristo na mwanamke pekee, wizara ya masuala ya jamii na kazi. Kuna Mdruzi, kuna Mkurdi, kuna Mualawi. Mambo ya nje, ya ndani na ulinzi yakakaa kwa watu wa rais, na waziri wa ulinzi, Murhaf Abu Qasra, alikuwa kamanda wa kijeshi wa HTS. Wabunge 210: theluthi moja rais anawateua mwenyewe, wengine walianza kuchaguliwa Oktoba 2025 na kamati za wilaya, bila kura ya raia moja kwa moja.

Miaka mitano watu wameshaanza kuihesabu, wanasema 2030. Mimi nahesabu vikundi vilivyovunjwa Januari 29, vyote, kimoja kimoja, na najaribu kujua kamanda wa kila kimoja kapewa cheo gani, vijana wake wako kambi ipi, na mshahara wao unapita mkononi mwake au unaingia moja kwa moja kwa askari. Hadi sasa nimepata vipande vipande tu. Mwenye bajeti ya wizara ya ulinzi ya Damascus, hata ukurasa wa mishahara peke yake, tafadhali anitumie.